Barua ya Wazi kwa Mdogo Wangu: Kifua cha Mtoto Kinapotoa Mlio

Mdogo wangu mpendwa,

Umeniuliza kama mwanao, ambaye kifua chake hutoa mlio wa filimbi kila anapopata mafua, tayari ana pumu. Nakusihi usiikubali hukumu hiyo haraka, wala usiupuuze mlio wenyewe, kwa sababu chanzo chake si kimoja kwa watoto wote.

Watafiti wa Tucson, Marekani, walioanza mwaka 1980 kufuatilia watoto tangu kuzaliwa, walikuta kwamba karibu nusu yao walikuwa wamewahi kutoa mlio huo kufikia umri wa miaka 6. Kundi kubwa zaidi kati ya hao lilianza kabla ya miaka 3, kisha likapona. Watoto wa kundi hilo walikuwa na mapafu yasiyopitisha hewa vizuri tangu mwanzo, hata kabla ya ugonjwa wowote wa kifua, na hatari yao iliongezeka pale mama alipovuta sigara. Wengine walianza mapema na kuendelea, na wengine wakaanza baada ya miaka 3. Kwa wale walioendelea, pumu ya mama na dalili za mzio, kama vile ukurutu wa ngozi, zilijitokeza zaidi.

Kwa hiyo, unapokwenda kwa daktari, mweleze hasa kinachotokea kati ya mafua na mafua. Mtoto anayepata mlio wakati wa maambukizi ya virusi pekee, na katikati yake akacheza na kulala vizuri, hutazamwa tofauti na yule anayebanwa pia anapokimbia, anapocheka, anapokutana na vumbi au usiku wa manane. Hata hivyo, mpaka huo hauko imara, kwani mtoto anaweza kutoka upande mmoja kwenda mwingine kadiri anavyokua, na ndiyo maana naona kumchunguza kwa miezi kadhaa kuna thamani kuliko jina la ugonjwa lililotolewa siku moja.

Moshi wa sigara usimfikie kabisa. Hilo halihitaji kusubiri uchunguzi.

Lakini mlio ukizuka ghafla baada ya kupaliwa, huenda amevuta kitu kwenye njia ya hewa. Hapo, au mbavu zikiingia ndani anapopumua, akishindwa kunyonya au kuzungumza, au midomo ikibadilika kuwa ya bluu, mpeleke hospitali papo hapo.

Dada yako