Honi ya Liemba isiguswe

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzangu mmoja aliandika humu kwamba Kigoma hatuna pa kuwapeleka watoto siku ya Idd, na kwamba tujengewe bembea za umeme kama wenzetu wa Dar es Salaam. Namuunga mkono nusu. Hiyo nusu nyingine, yaani Liemba, meli yetu kongwe ya Ziwa Tanganyika, ndiyo iliyonifanya nitafute kalamu.

Mimi ni karani mstaafu wa mizigo, mzaliwa wa Ujiji, na ni shabiki wa viwanja vya bembea tangu 1974, ingawa vile vikubwa vya nje sijakanyaga hata kimoja. Mwaka huo padri mmoja alinipa gazeti la picha lililochakaa nifungie madaftari. Sikufungia. Ndani yake mlikuwa na mashua yenye paa la turubai la mistari, Wazungu wamejipanga na miwani yao ya jua, na mbele yao kiboko kapanua kinywa. Nahodha kamwelekezea bastola. Nikamwonyesha baba, ambaye alikuwa mvuvi wa dagaa na mtumbwi wake mmoja ulishapasuliwa na kiboko kule mdomoni mwa Malagarasi. Akaitazama ile picha kwa muda, akauliza: "Hawa wamelipa ili wakutane na kiboko?"

Wamelipa, na bado wanalipa. Mashua ile ni ya safari iitwayo Jungle Cruise, ndani ya Disneyland, kiwanja cha bembea cha mji wa Anaheim, California, na imepakia watu tangu kiwanja kilipofunguliwa tarehe 17 Julai 1955. Siku hizi mjukuu wangu ananitafutia video zake kwenye simu, nami nazitazama mpaka chaji inakata. Kiboko ni wa mashine. Walt Disney alitaka wanyama wa kweli, akaambiwa mchana watalala na kujificha, basi wakatengenezwa. Maji yametiwa rangi ili abiria wasione reli iliyo chini yake, kwa sababu mashua inafuata reli, na usukani wa nahodha ni mbwembwe tu. Kazi yake hasa ni mdomo. Mzaha wao unaojulikana kuliko yote ni wa pale mashua inapopita nyuma ya maporomoko: nahodha anatangaza kwa kishindo ajabu ya nane ya dunia, kumbe anawaonyesha mgongo wa maji. Nimeusikia mara mia na bado nacheka peke yangu barazani, mke wangu ananiangalia tu.

Kilichonishtua nilikuja kukijua utu uzimani. Aliyeibuni safari ile, Harper Goff, alivutiwa na filamu ya mwaka 1951 iitwayo The African Queen. Filamu ilitoka kwenye riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Na riwaya ilichota habari zake kwenye vita ya Waingereza na Wajerumani katika ziwa letu hili, na meli ya Kijerumani Graf von Götzen. Yaani Liemba! Siku hiyo chai ilipoa mbele yangu. Kitu nilichokitamani tangu utoto, mzizi wake ulikuwa umefungwa kamba gatini, mbele ya dirisha la ofisi yangu.

Historia yake watu wa hapa mwisho wa reli tunaijua. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kupakiwa kwenye masanduku 5,000, ikaunganishwa upya hapa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha, lakini mafundi waliipaka injini grisi kwanza, kama mtu anayefukia mbegu. Waingereza waliiibua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wapo wanaosema siyo ile tena, kwa kuwa injini za mvuke zilitolewa miaka ya 1970. Mimi nimetolewa meno saba na ni yuleyule.

Sasa nisimulie bembea yangu. Nilipokuwa kijana nilisindikiza mzigo mpaka Kasanga, daraja la tatu. Vijiji vingi vya mwambao havikuwa na gati, kwa hiyo meli ilikuwa inasimama mbali, usiku wa manane, inapiga honi. Honi ile haiingilii masikioni, inaingilia kifuani. Kukawa giza tupu, kisha taa moja pwani, kisha kumi, kisha mitumbwi inakuja mbio inagongana, kila mmoja anataka kuwahi mlango wa ubavuni. Mwanamke mmoja alisimama ndani ya mtumbwi unaoyumba, mtoto mgongoni, noti kaing'ata menoni kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Akamfungua mtoto, akamrusha juu. Baharia mwenye taulo shingoni alimdaka kama anadaka nanasi, akamweka juu ya gunia la dagaa, akageuka kumvuta mama. Mtoto hakulia. Mimi ndiye niliyepiga yowe.

Ndugu Mhariri, meli hiyo ilisimama kwa miaka kadhaa, na ukarabati ukapangwa. Sina ugomvi na rangi mpya wala viti vipya. Hofu yangu ni ile tabia yetu ya kutengeneza kitu mpaka kipotee. Mlango wa ubavuni ubaki. Honi isiguswe, hata kama kuna ya umeme inayolia vizuri zaidi.

Sisemi kila cha kale kibaki. Pale Disneyland, mwaka 2021 walitangaza kuondoa sanamu zilizowaonyesha wenyeji kama washenzi wa kuwinda vichwa vya watu. Mashabiki wengine walinung'unika. Mimi ni shabiki kuwazidi baadhi yao, na nilisema wamechelewa. Hapa Ujiji nawapenda mno wale Livingstone na Stanley wa karatasi pale kwenye makumbusho, wameamkiana tangu nikiwa na watoto wadogo. Lakini Stanley mwenyewe aliandika kwamba aliyemlaki kwanza, kwa Kiingereza, alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Binti yangu aliniuliza akiwa darasa la nne: "Baba, Susi yuko wapi?" Nikamwambia yupo nje, chini ya mwembe, anakuja. Waacheni wazee wale wa karatasi, mumwongeze Susi.

Kwa mwenzangu wa bembea: zijengwe. Nilikua nikipanda za mbao siku za Idd, vijana wanazizungusha kwa mikono, nami nitakuwa wa kwanza kwenye foleni na goti langu hili bovu. Ila siku hiyohiyo ya Idd, Liemba ikishapona, itoke na watoto saa moja tu, izime injini katikati ya ziwa, ipige honi, irudi. Atafutwe baharia mstaafu mwenye mdomo, na hapa Kigoma hawakosekani, awasimulie habari za grisi na masanduku. Nauli iwe ya daraja la tatu. Wakitapika, ndoo zitakuwepo. Daraja la tatu hatukuwahi kukosa ndoo.

Karani Mstaafu,
Ujiji, Kigoma.