Barua kwa wagosi wa vijiwe vya bodaboda, Tanga

Marahaba, wanangu. Najua mngeniamkia kama ningepita hapo kijiweni, kwa hiyo naitikia mapema.

Nawaandikia nyinyi wa Ngamiani, Makorora na Chuda, na mnaongoja abiria wa mabasi pale Kange. Sikuja na habari za helmeti wala leseni, hizo zina wenyewe wa kuwaambia. Nataka tuzungumze habari ya kufikiri, maana pesa yenu nyingi inavujia hapo.

Chukueni pikipiki inayozima njiani. Kijana katoka Kange na abiria, hajafika mbali chombo kinakata pumzi, kinazima. Anangoja dakika kumi, anapiga kiki, kinawaka. Kilomita chache, kinazima tena. Kijiweni kila mmoja ana jibu: plagi hiyo! Koili! Kabureta chafu! Ananunua plagi, inazima. Anabadilisha koili, inazima. Fundi anaosha kabureta, bado inazima. Siku tatu zimekwenda na pesa ya wiki imekwenda, kumbe kitundu cha kupumulia kwenye mfuniko wa tanki kimeziba kwa vumbi. Petroli inashuka, hewa haipati njia ya kuingia kushika nafasi yake, basi tanki linajifyonza mpaka mafuta yanagoma. Ukingoja, hewa inapenya kidogo kidogo, chombo kinawaka, nawe unasema injini ilichemka.

Kipimo chake hakina hata senti. Inapozima tu, kabla hujagusa kingine, fungua mfuniko wa tanki, sigara ikiwa mbali. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na chombo kikawaka papo hapo, umemshika mwizi. Zibua kitundu kwa waya mwembamba, nenda zako.

Usiposikia kitu, usirudi kubahatisha. Koili iliyochoka nayo huzima ikipata joto na kuwaka ikipoa, kwa hiyo dalili peke yake haikuambii lolote. Likate tatizo katikati. Chomoa plagi uitazame. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika. Ikiwa kavu, yamekwama njiani. Kisha ivishe kofia yake, gusisha chuma chake kwenye injini, mbali na tundu ulilochomoa, na uifute kwanza kama imelowa. Mwenzako apige kiki. Cheche kali ya buluu ikiruka, umeme ni mzima, hamia kwenye koki, mpira wa mafuta na kabureta. Isiporuka, acha kabureta ilale. Fuata plagi, kofia, waya, koili, kwa utaratibu huo, kilicho rahisi kwanza. Dakika tano hizo zimekufutia nusu ya lawama zote za kijiweni.

Na ukibadilisha, badilisha kimoja, ujaribu, ndipo uende kingine. Ukifunga plagi mpya na koili mpya kwa pamoja na chombo kikapona, hujui kilichokiponya ni kipi. Mwezi ujao utanunua vyote viwili tena. Kifaa cha zamani usikitupe mpaka uwe na hakika.

Kwenye viwanda vya Toyota, Wajapani wana desturi ya kuuliza "kwa nini" mara tano mfululizo. Idadi si amri, lakini jaribuni. Kwa nini ulimchelewesha abiria? Petroli iliisha. Kwa nini? Naweka ya kubangaiza. Kwa nini? Asubuhi sina pesa mkononi. Kwa nini? Jana usiku nilimpa tajiri, mwenye pikipiki, hesabu yote. Sasa tumefika mahali pa kushika: bakiza lita moja ndani ya tanki kabla hujapaki chombo usiku. Uchunguzi huu huharibika mtu anapoishia kwenye jina la mtu. "Kwa sababu tajiri ni mkorofi" haikupi cha kufanya kesho asubuhi, hata kama ni kweli.

"Biashara mbaya" nayo naisikia kila siku. Hayo ni malalamiko, hayajawa tatizo. Tatizo lina saa yake, mahali pake na kiasi chake. Kanunueni daftari dogo la mfukoni, muandike siku 14: saa, kutoka wapi kwenda wapi, nauli, petroli, na kilomita ulizozunguka bila abiria. Kilomita hizo zinasomwa kwenye mita. Na hapa nawagomba kidogo: mita zenu nyingi zimekufa, na mara nyingi ni waya wake tu umekatika. Tengenezeni.

Andika abiria akishashuka, usingoje usiku. Usiku kichwa kinakumbuka ile safari nono ya Raskazone, na chai tatu na chapati kinazisahau. Uliposahau, acha wazi, usijaze kwa kukisia.

Tuseme daftari linaonyesha kilomita 40 kwa siku za kuzunguka bure. Pikipiki ya cc 125 hula hapo karibu lita nzima, petroli ambayo ingekusogeza mpaka Muheza. Kwa siku 26 za kazi ni lita 26. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Tanga ina bei yake. Zidisha mwenyewe, halafu uniambie kama kuzunguka saa saba mchana kuna faida kuliko kukaa kivulini.

La mikeka ya kubeti nalipita haraka. Mechi kumi, na kila moja una nafasi saba katika kumi ya kupatia, inaonekana pesa ya bure. Zidisha 0.7 kwa 0.7 mpaka zitimie kumi: inabaki chini ya 0.03. Maana yake mikeka 100 ya namna hiyo, kama 97 itachanika. Simu yako ina kikokotoo, usinisadiki mimi.

Neno likija kijiweni kwamba spea fulani ni feki au barabara fulani ina msako, ulizeni kwanza nani kaliona kwa macho yake. Watu watano waliosikia kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja.

Anzeni Jumatatu hii, siku 14 zitaisha Jumapili ya pili. Jumatatu yake, baada ya sala ya alasiri, kila mtu aje na daftari lake. Maelezo ya mdomo siku hiyo sitasikiliza.

Mimi mzee wenu,
Ngamiani, Tanga