Barua kwa Mwanaidi, kuhusu miguu ya mwanao

Dar es Salaam

Shoga yangu Mwanaidi,

Hongera ya uzazi, na pole kwa uchungu. Kwenye simu ulikuwa unalia, sidhani ulisikia hata nusu ya niliyokwambia, basi nayaandika ili uyasome taratibu mtoto akilala.

Huo ni mguu kifundo, yaani mtoto kuzaliwa unyayo umepinda kuelekea ndani, na unatibika. Katika kila watoto elfu wanaozaliwa, mmoja hivi huwa nao, wavulana zaidi kuliko wasichana, na karibu nusu yao ni miguu yote miwili kama wako. Wanaosema ulimcheka kiwete ukiwa mjamzito, waache na midomo yao. Kwa watoto wengi hata madaktari hawaoni chanzo, ila wakati mwingine hufuata ukoo. Kwa hiyo mama mkwe asilinyooshee kidole tumbo lako kabla hajawahesabu wa kwao.

Kwanza daktari amkague mgongo, nyonga na mikono. Mara chache kifundo huja pamoja na mgongo wazi, au na ule ugonjwa adimu wa viungo vingi kukakamaa tangu tumboni, na hapo matibabu huwa marefu zaidi. Wengine ni unyayo uliolalia vibaya tu. Ukiusukuma kwa kidole unanyooka. Wa kwako umesema haunyooki, basi usingoje akue. Haya si matege ya watoto wanaoanza kutembea, ambayo mara nyingi huondoka yenyewe.

Njia yenyewe ni ya Ponseti, daktari Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani. Baba yake alikuwa fundi saa, na ukiona mtaalamu anavyoushika mguu wa kichanga hutashangaa. Hatumii nguvu. Anaunyoosha kwa vidole huku mtoto ananyonya, kisha anafunga plasta ngumu, ile tunayoiita hogo, kutoka vidoleni mpaka pajani, goti likiwa limekunjwa. Baada ya wiki inafunguliwa, mguu unasogezwa tena kidogo, inafungwa mpya. Kwa kawaida ni plasta tano hadi saba. Mwishoni, kwa watoto wengi, kano ya kisigino hukatwa kwa ganzi, kidonda kidogo kisichohitaji mshono, na plasta ya mwisho hukaa wiki tatu kano ikijiunga upya ikiwa ndefu.

Kila siku tazama vidole. Ukivibonyeza vikawa vyeupe kisha rangi ikarudi, salama. Vikivimba, vikipoa, au vikizama ndani ya plasta, rudi siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Na beseni la kuogea liweke kando kwanza. Mpanguse kwa kitambaa.

Plasta zikiisha utapiga vigelegele. Piga, lakini kazi kubwa ndiyo inaanza: viatu! Viwili vilivyounganishwa kwa chuma, nyayo zikitazama nje. Miezi mitatu ya kwanza huvaliwa saa 23 kwa siku, halafu usiku na usingizi wa mchana mpaka miaka minne au mitano. Wengi wanaorudi kliniki mguu ukiwa umepinda tena wameponzwa na hapa. Mtoto anatembea vizuri, bibi anaingiwa na huruma, viatu vinapandishwa juu ya kabati. Mimi nilikuwa mkali kama askari. Wangu alilia siku za mwanzo, nikamfundisha kupiga teke miguu yote pamoja, akazoea. Sasa hivi yuko uani na mpira, na maua yangu hayana amani.

Hospitali ya CCBRT huku Msasani wanatibu kifundo. Lakini ulizia kwanza hapo kwenu, hospitali ya Bombo, pengine watakuelekeza karibu zaidi, maana Tanga na Dar kila wiki na kichanga mgongoni si mchezo, na nauli ndiyo hiyo unayoijua. Wakisema lazima uje, chumba cha nyuma ni chako, na mama aje pia. Niambie mapema tu, nimhamishe shemeji yako na cherehani yake.

Ni mimi shoga yako,
Saumu