Saumu, mimi niko upande wa Joon-young

Saumu shoga yangu,

Salamu kwanza. Sisi huku wazima, na mama mfikishie shikamoo yangu, umwambie sijamsahau. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nikaketi kitako, maana ulivyokuwa unamlilia yule Choi Young-do wa tamthilia ya Kikorea, The Heirs, mtu angedhani ni mdogo wako wa tumbo moja. Na Moon Joon-young, aliyemnyima msamaha, ukamsema ana roho mbaya. Nikasema hili halijibiki kwa kubonyeza simu. Hili linataka karatasi.

Nimeimaliza The Heirs usiku wa kuamkia jana, sehemu zote 20. Wenzetu waliitazama ilipotoka mwaka 2013, sisi ndiyo kwanza tunafika, lakini kilio hakina tarehe. Nami nimelia. Nililia baba yake Young-do alipomzaba kibao hadharani, nikalia walipokuwa wanacheza judo, lile baba linambwaga mwanawe chini kama linatua gunia, mtoto anainuka hana neno. Mwigizaji Kim Woo-bin kaicheza nafasi ile ya Young-do mpaka basi. Jicho lake linakutisha kwanza, halafu ukilikazia unamwona mtoto anayemngoja mama yake arudi. Na lile la mama ndilo lililonikata maini. Mama anaondoka nyumbani, anamsubiri amuage, habari inapitia kwa Kim Tan, rafiki yake wa zamani, na siku hizo wamegombana. Anafika, mama keshakwenda. Hapo nilisimamisha tamthilia, nikaenda kunawa uso.

Kwa hiyo usinifanye mtu mwenye moyo wa jiwe. Mpaka hapo tuko pamoja. Tunaachana pale ulipomsema Moon Joon-young kwamba ana roho mbaya kwa kuukataa msamaha alioombwa.

Hebu mkumbuke Joon-young ni nani, maana nahisi ulishamsahau, kama tamthilia yenyewe ilivyokaa sehemu nyingi bila kumtaja. Shule ya Jeguk imewapanga watoto kwa madaraja. Juu kabisa wale watakaorithi kampuni za wazazi wao, chini yao wanaorithi hisa, kisha wanaorithi jina na heshima ya familia, na mkiani wale wachache walioingizwa kwa nafasi za wasiojiweza. Young-do, mrithi wa Hoteli ya Zeus, yuko kileleni. Joon-young yuko mkiani. Na shule ni ya kampuni ya Jeguk, kampuni ya familia ya Kim Tan, tena mwenyekiti wa bodi ni mke halali wa baba yake Tan. Sasa niambie, mwalimu gani angethubutu kunyanyua kidole? Korea Kusini ina sheria ya kuzuia ukatili shuleni tangu mwaka 2004, miaka 9 kabla ya tamthilia hii, lakini mtoto wa mkiani anakwenda kumshtaki nani kwa nani? Akanyanyaswa mpaka akahama. Aliyeonewa ndiye aliyefunga virago, aliyeonea akabaki na dawati lake.

Halafu sehemu ya mwisho Young-do anamfuata kumwomba radhi, Joon-young anamnyima. Wewe ukasema, "Si angesamehe tu yaishe?" Yaishe kwa nani, Saumu?

Nikukumbushe jambo ambalo hatujawahi kulizungumza vizuri, na wewe ulikuwepo. Sweta langu. Lile la kijani, ambalo mama alilishona kiwiko kwa uzi wa bluu kwa sababu wa kijani ulikuwa umeisha. Yule binti (jina lake silitaji, unamjua, aliyekuwa akiletwa kwa gari na dereva wa baba yake) alinishika mkono mbele ya darasa, akaingiza kidole kwenye mshono, akaanza kuhesabu nyuzi kwa sauti. Moja. Mbili. Darasa likaitikia kama tunajifunza hesabu. Ziliishia kumi na moja. Baada ya siku ile hakuna aliyeniita kwa jina langu, nilikuwa Kumi na Moja mpaka tunamaliza. Sweta nililivua, nikawa navumilia baridi ya asubuhi, na mama nikamwambia nalihisi joto. Mama yangu aliushona ule uzi usiku, kwa taa, macho yake yakiwa yameanza kuchoka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko lile jina.

Miaka mitatu iliyopita yule binti alinipigia simu. Namba aliipata wapi sijui. Analia. Anasema amekua, ana mtoto wa kike anayeonewa shuleni, na tangu mtoto aanze kurudi nyumbani amenyamaza, yeye halali. "Nisamehe kwa yote," akasema. Unajua nilifanya nini? Nilimbembeleza. Mimi, Saumu! Nikamwambia usilie, tulikuwa watoto, yalishapita, Mungu atusamehe sote. Dakika arobaini namtuliza, sikio limekuwa la moto kwa simu. Alipokata alikuwa mwepesi, nilimsikia kabisa akishusha pumzi. Mimi nikabaki nimekaa ukingoni mwa kitanda, nimeshika kiwiko changu cha kulia.

Hakuulizia sweta. Nadhani hakumbuki. Aliniomba msamaha wa "yote", na ndani ya hayo yote hakukuwa na hata uzi mmoja.

Ndiyo maana Joon-young alipokataa nilipiga kelele hapa ndani mpaka mume wangu akaja kuchungulia. Nilijiona mimi, kama ningekuwa na uwezo wa kusema lile neno siku ile. Kijana mmoja maskini, asiye na baba mwenye hoteli, ana kitu kimoja tu ambacho tajiri anakihitaji na hawezi kukinunua, na akakishika mkononi mwake. Hakumpiga, hakwenda kumchafulia jina. Alisema hapana, na Young-do akabaki na mzigo wake mwenyewe.

Unasema Young-do alionewa na baba yake, kwa hiyo naye ni wa kuhurumiwa. Nimekubali, namhurumia, mkono ule aliufunzwa nyumbani. Lakini Joon-young hakuwahi kumpiga kofi. Kila nikiuwaza huo utetezi naona deni la baba linadaiwa kwa mtoto wa watu ambaye hata hawakujuana. Na angalia hata mapenzi yake yalivyo: Cha Eun-sang, msichana anayempenda, amebeba chakula kwenye bwalo la shule, yeye anamtega mguu. Anampenda na anamwangusha. Nilivyokuwa nikimtazama pale nilimwogopa na kumwonea huruma kwa pamoja. Hana lugha nyingine, kila anachokitaka anakifikia kwa kukiumiza. Majuto yalimjia polepole, na yalimjia zaidi wakati vyake mwenyewe vilipoanza kumponyoka, rafiki, msichana, mwishoni baba yupo mikononi mwa waendesha mashtaka. Sisemi ni majuto ya uongo. Naamini ni ya kweli kabisa, na pengine wengi wetu huanza kuona maumivu ya wenzetu siku yetu yanapotushika. Yule wa kwangu alianza kukosa usingizi kwa ajili ya mwanawe.

(Kuhusu Kim Tan sitaki hata tuanze. Naye aliwahi kuwa mwonevu kabla ya kupelekwa Marekani, lakini kwa kuwa ndiye mhusika mkuu na ana tabasamu zuri, hadai mtu. Tutalisemea siku nyingine.)

Kuna jambo moja la Young-do ninalompa heshima yake, nisije nikaonekana nimeegemea upande mmoja. Alikwenda. Alisimama mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimtesa, uso kwa uso, mahali ambapo angeweza kukataliwa, na akakataliwa. Hakupiga simu usiku akitaka kubembelezwa.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike barua yote hii. Wiki mbili zilizopita yule binti kaniandikia tena. Anataka tuonane, anasema tangu ile simu anajisikia sisi ni ndugu. Sijamjibu. Kila nikishika simu nataka kuandika "karibu sana mpenzi", kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, mtu akikuomba radhi humgeuzii uso. Ila nimeamua nitamjibu nini. Nitamwambia tutaonana, lakini kabla hatujaanza kuitana ndugu nitamsimulia la sweta, mwanzo mpaka mwisho, na la mama yangu na taa. Nitahesabu mpaka kumi na moja na yeye atasikiliza. Akimaliza kusikia aombe upya kama bado anataka, na safari hii sitamjibu hapo hapo.

Sijui kama nitaweza, unanijua nilivyo mwepesi wa machozi. Ningependa uwepo. Huhitaji kusema kitu, ukae tu karibu yangu, upande wa kiwiko cha kulia. Niambie wiki gani una nafasi.

Na kabla hujaja, irudie sehemu ya 20. Safari hii usimtazame Young-do. Mtazame yule mwingine.

Wako akupendaye,
Asha