Siku ile mtu alipopita juu ya Unguja

Mwanangu,

Waalaikumu salaam na marahaba. Voisi yako nimeipata jana usiku, nimeisikiliza mara tatu maana umeme ulikuwa unakatikakatika na hii simu nayo inaganda, lakini nimekuelewa. Unasema umeona huko kwenye simu kwamba yule Mmarekani, John Glenn, alipoizunguka dunia kwa chombo cha angani mwaka 1962 alipita juu ya Zanzibar na Wamarekani walikuwa na stesheni yao hapahapa kwetu, unaniuliza mama ulikuwepo au watu wanazua tu. Nilikuwepo bwana. Tena nilipigwa siku hiyo kwa ajili yake. Kuongea sana kwenye voisi nachoka pumzi siku hizi kwa hiyo acha nikuandikie, utasoma ukishatoka kazini, na usinijibu kwa vile vikatuni vyako vya kucheka.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 20 Februari. Hiyo tarehe nimeijua ukubwani, mie siku yenyewe nilichokuwa nakijua ni kwamba tumo katikati ya Ramadhani, chungu cha kumi na nne au cha kumi na tano, mwezi umejaa kama sinia, na mie na miaka yangu kumi na moja nafunga kamili, sio ile funga ya kitoto ya kufungua adhuhuri nyuma ya nyumba.

Tulikuwa tunakaa Ng'ambo, hapa mjini Unguja, nyumba ya udongo, mbele ina baraza, nyuma ndo jiko. Umeme hatuna, taa yetu ya chemli, maji unachota kwenye bomba la mtaa na foleni yake ni vita. Bibi yako kuanzia alasiri yuko jikoni anakuna nazi, sufuria la muhogo huku, uji wa pilipili manga kule, kaimati anazikaanga mwisho kabisa ili ziliwe moto. Babu yako alikuwa mtu wa kitu kimoja tu kwenye futari, sharubati ya ukwaju iwe baridi. Baridi kwelikweli, meno yaume. Friji nani alikuwa nayo? Kwa hiyo kila jioni kazi yangu mie ni kwenda Darajani karibu na Marikiti kununua barafu, napewa senti kumi, ile ya tundu katikati, naivisha kwenye uzi shingoni isipotee, na kipande cha gunia mkononi. Pale pana mzee anakata pande la barafu kwa msumeno, analifunika maranda, unalifunga kwenye gunia lako na unakimbia. Ukitembea umekwisha, unafika nyumbani na maji.

Sasa hiyo stesheni. Ilikuwa Tunguu, ndio, Tunguu hiyohiyo uliyokuwa unapandia daladala kwenda chuo na kila siku unalalamika mbali. Wamarekani walikuwa na stesheni zao zimezunguka dunia nzima za kumfuatilia huyo mtu wao, maana redio ya chombo kinachokwenda kasi vile inasikika mahali dakika chache tu halafu inapotea, kwa hiyo lazima huku awepo mtu wa kuipokea na kule awepo mwingine. Kabla yetu ni Kano, Nigeria, baada yetu ni meli iliyokaa katikati ya Bahari ya Hindi, halafu Australia. Sie mjini tulikuwa tunaita "roketi" tu, roketi ya Tunguu, ingawa roketi yenyewe haikuwepo, palikuwa na mitambo na maantena. Na ilipokuwa inajengwa watu waliandamana kuipinga, wakisema Wazungu wanatuletea vita vyao, siku Mrusi na Mmarekani wakianza kurushiana mabomu sie wa kisiwani ndo tutakuwa shabaha. Babu yako alikuwemo kwenye hayo maandamano. Mjomba wangu, kaka yake bibi yako, akapata kibarua hukohuko Tunguu, analinda geti na kufyeka majani. Basi nyumba moja hiyo, mmoja anaipinga stesheni na mwengine analetea watu mchele kutoka stesheni, ungewaona wakila sinia moja.

Mjomba tangu Januari alikuwa anatwambia "kesho anarushwa mtu". Kesho ikifika hakuna, mara wingu, mara mtambo una kasoro, imeahirishwa. Wiki inayofuata tena "kesho". Watu mtaani wakaanza kumwita Bwana Kesho. Mpaka siku hiyo yenyewe alipoondoka alfajiri kwenda kazini hakuna aliyemuuliza kitu.

Nimefika Darajani jioni, saa kumi na moja na nusu hivi, nimekata barafu yangu, nimefunga, nageuka, nasikia redio kwenye duka la Muhindi imefunguliwa sauti yote, kizungu kinakwenda mbiombio, na watu wamejaa mlangoni. Mtoto wa mwenye duka anasoma sekondari, anasikiliza halafu anawatafsiria. Dakika kumi kabla ya saa kumi na mbili akaruka juu, "Karushwa! Karushwa!" Mzee mmoja akauliza karushwa nani, kafanya nini. Wengine wakacheka, wengine wakasema astaghfirullah, kuna mmoja akasema huo uongo, Mrusi keshawapita hao, Gagarin alikwenda mwaka jana, hawa wanaigiza. Yule kijana akasema atapita juu yetu hapa baada ya nusu saa. Nusu saa! Kutoka Marekani! Meli ya kwenda Mombasa tu unalala njiani.

Mwanangu, mie nikakaa. Najua nna barafu, najua babu yako anangoja, najua kabisa. Nikajiambia nasubiri kidogo tu. Nikatoka nikasimama pale penye uwazi, nikaliweka gunia kwenye kivuli cha ukuta, nikatazama juu. Na si peke yangu, tulikuwa watoto kama saba hivi na kichaa mmoja wa sokoni aliyekuwa anatuuliza tumepoteza nini. Mbingu nyeupe, jua bado lipo, shingo inauma, njaa na kiu vimekolea ile saa ambayo funga inakuwa nzito kuliko zote. Tuliona kunguru. Kunguru wengi wanarudi kulala kama kila siku. Tukaona na popo mmoja katoka mapema. Yule kijana akachungulia mlangoni akatwambia "Yupo, yupo juu sasa hivi, anazungumza na Tunguu!" Nikakodoa macho mpaka machozi yakanitoka. Hakuna kitu.

Mjomba alikuja kutuhadithia baadaye kwamba Wamarekani wa Tunguu walikuwa na daktari wao pale, na huyo Glenn alipofika juu yetu wakamwambia afanye mazoezi ya kuvuta kamba halafu akapimwa presha, majibu yanateremka kwenye mitambo. Kwa hiyo mtu kapita juu ya Unguja nzima, juu ya karafuu na minazi na sufuria zote zile za futari zikitokota, na sie tulichomfanyia ni kumpima presha. Mie kila nikienda kliniki nesi akinifunga kile kitambaa mkononi namkumbuka.

Nilipokumbuka gunia, Ya Rabbi. Chini pana mto. Ndani limebaki pande dogo kama yai la kuku, limejaa maranda. Nikakimbia lakini ya nini tena, nimefika adhana inalia, wote wamekaa, tende mkononi. Babu yako akafungua gunia, akatazama lile yai, akanitazama mie. Nikamwambia baba nilikuwa namwangalia yule mtu wa roketi. Usingekuwa mwezi mtukufu sijui, maana kofi lilikuwa moja tu ila lilikuwa zima. Sharubati akainywa vuguvugu, kimya. Bibi yako akanitupia jicho la kuniambia kula haraka uondoke hapa.

Sasa unisikilize vizuri hapa ndo pana maneno.

Wewe hali ya wakati ule huijui. Juni ya mwaka wa nyuma yake, 1961, siku ya uchaguzi zilianza vurugu, watu 68 walikufa, na baada ya hapo mtaa uligawika. Watu wa chama hiki hawanunui duka la wa chama kile, mazishi hawazikani, harusi hawaalikani, hata futari, ambayo zamani sahani zinapishana mlango kwa mlango, mwaka huo sahani zilikaa ndani. Jirani yetu wa mkabala, milango inatazamana, yeye chama chake na babu yako chama chake. Nani alikuwa nani usiniulize, utakisia mwenyewe, hapa kwetu hayo mambo hayajapoa mpaka leo. Walikuwa marafiki wa tangu utotoni, wamevua pamoja, wametahiriwa pamoja, na tangu Juni hawajapeana hata salamu, mmoja akitoka barazani mwengine anaingia ndani.

Usiku huo watu wakaenda tarawehe, wakarudi. Huko msikitini bila shaka ndo habari ilikuwa hiyo, ingawa nakwambia ukweli, kwenye baraza za wakubwa Glenn hakuwa habari ya kwanza. Habari ya kwanza Algeria, maana redio ya Sauti ya Cairo ilikuwa haisemi kingine, Mfaransa amekaa mezani na wapigania uhuru na karibu watakubaliana. Na ya pili mkutano wa katiba wa Kenya ulioanza London siku chache nyuma, watu wanabishana Mwambao wa Sultani, ule ukanda wa pwani ya Kenya, utakuwaje, utabaki au utakwenda na Kenya. Na wetu sie wa Zanzibar ulikuwa unafuata Machi. Yule mtu wa angani alikuwa kama kitoweo cha pembeni.

Lakini babu yako alikuwa kasikia kwamba anazunguka kila baada ya saa moja na nusu. Nilikuwa nimelala mkekani karibu na mlango, usingizi hauji kwa lile kofi, nikamwona anatoka barazani na saa yake ya mkono, anaipindua kwenye mwanga wa mwezi aione. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na kitu. Huyu ni mtu aliyeandamana kupinga roketi! Akakaa, akasimama, akashuka uani kwa mbele, kichwa juu. Mara mlango wa mkabala nao ukalia. Jirani akatoka. Nikajua sasa mmoja ataingia ndani.

Hakuingia mtu. Wakasimama kila mmoja upande wake, njia ya mchanga katikati, mbalamwezi mpaka ungeokota sindano, wanaume wawili wazima na vikoi vyao wametazama juu kama sie watoto wa Darajani. Muda mrefu. Halafu jirani akasema, bila ya kumtazama, "Unamwona?"

Babu yako akasema, "Simwoni."

"Mie pia simwoni."

Basi. Wakaendelea kutazama kidogo, halafu kila mtu akaingia kwake. Usidhani walipatana, hawakupatana, na yaliyokuja baada ya hapo unayajua na mengine nilishakuhadithia. Mie ninachokwambia ni kwamba tangu Juni mpaka siku hiyo hayo ndo maneno pekee niliyoyasikia wakipeana, na nimeyasikia kwa masikio yangu, mkekani, shavu linawaka.

Asubuhi mjomba akarudi kutoka zamu macho mekundu, kavimba kichwa, leo si Bwana Kesho tena. Akatwambia Glenn kazunguka mara tatu, katua salama baharini huko kwao karibu na saa tano ya usiku wetu, na kwamba Wamarekani mwisho walikuwa na hofu, ile ngao ya chini inayozuia moto chombo kinaporudi waliambiwa na mitambo kuwa labda imelegea, kumbe ni taa tu ya uongo. Bibi yako akamuuliza, huyo mtu saa zote hizo huko juu, kala? Mjomba akasema kala, chakula cha kukamua kwenye tyubu kama dawa ya meno. Bibi yako akasikitika kwelikweli.

Stesheni yenyewe haikudumu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali mpya iliwaambia Wamarekani waondoe vitu vyao, na mwezi wa nne wakafunga wakaondoka. Mjomba alibaki na tochi moja nzito ya chuma waliyompa, ilikaa kwenye kabati letu miaka chungu nzima bila betri, wewe mwenyewe umeichezea ukaifungua ukapoteza kifuniko, sijasahau.

Umeniuliza na siku zilizofuata watu walisemaje. Hawakusema sana. Kesho yake kama kawaida, alasiri, bibi yako yuko na mbuzi anakuna nazi, babu yako akaniita, akanipa senti kumi na gunia. Akanambia leo hapiti mtu. Nikaivisha senti kwenye uzi, na siku hiyo nilikimbia kwenda na kurudi.