Tunawapata vijana wa kazi nyingi halafu tunawaharibu wenyewe

Kwa Mhariri,

Nimechoka kusikia waajiri wenzangu wakilalamika ati vijana wa siku hizi hawatulii, leo fundi wa stima, kesho MC wa harusi, kesho kutwa yuko Gikomba na mitumba. Mimi pia nilikuwa naongea hivyo. Nina kiduka cha kuchapisha hapa River Road, risiti, kadi za harusi, kalenda, na mtu akiniletea CV imejaa stima, kuchora, kinanda cha kanisa na kutangaza mpira, naisukuma chini ya rundo najiambia mshika mawili moja humponyoka.

2024 nikaandika mmoja kwa shida tu, juu mtu wangu wa mashine alitoka Oktoba na huo ndio wakati oda za kalenda zinaanza kuingia. Kijana akakuja na bahasha yake ya khaki, ukurasa wa pili sikuusoma hata. Wiki hiyo hiyo Heidelberg, mashine yetu kuukuu ya kuchapa, ikaanza kuvuta karatasi mbili mbili, na hiyo ikitokea huwa naita fundi kutoka Industrial Area, namlipa yeye na nauli, na siku imeenda. Huyu akainama akagusa vile vimpira vya kunyonya karatasi kimoja kimoja na kidole, akasema hivi vimekauka boss, akakata vingine kwa chubu ya pikipiki na saa saba tulikuwa tunachapa. Jioni akaangalia kalenda ya chama fulani iliyokuwa imebaki kutengenezewa pleti, akaniuliza mbona sikukuu ya tarehe 10 Oktoba bado imeandikwa Utamaduni na mwaka huo serikali ilikuwa imeibadilisha ikawa Mazingira. Dizaina wangu, tena wa digrii, alikuwa amekopi ya mwaka uliopita. Kalenda 3,000 mhariri, na hasara ingekuwa yangu.

Sasa hapo ndio nilikosea, kwa sababu badala ya kushukuru nikaona nimepata watu wanne kwa mshahara wa mmoja. Asubuhi mashine, mchana dizaini, jioni apeleke mzigo Westlands, usiku anipigie hesabu za invoisi, na mwisho wa mwezi ni zile zile. Ile sheria ya ajira ya 2007 inataka mkataba uandike kazi ya mtu ni gani, wangu ulisema "mwendesha mashine" basi. Alikaa miezi saba. Siku ya kuondoka akaniambia bila hasira, "Mzee, mimi napenda hizi kazi zote, lakini si zote saa moja."

Hiyo maneno ilinikaa. Kuna watu wameumbwa na macho mengi, Wangari Maathai alikuwa akifundisha anatomia ya mifugo chuo kikuu kabla tumjue kwa miti, na angeleta CV kwangu ningemuuliza mama kwani wewe ni wa ng'ombe ama wa miche! Na wanakuja wengi zaidi, hawa watoto wa CBC, ule mtaala wa umilisi wa shule zetu, wamezoea kufanya miradi ya kila aina tangu wakiwa wadogo. Mkiweka tangazo la kazi la mstari mmoja mtabaki na watu wa mstari mmoja.

Mwezi uliopita nimeandika msichana wa kujalidi vitabu ambaye pia anashona na anajua kuhariri video. Kwenye intavyu sikumuuliza anajua nini, nilimuuliza ni gani kati ya hizo amewahi kumaliza na anionyeshe, akatoa kwa mkoba daftari amelishona mgongo mwenyewe, nikalivuta kurasa kwa nguvu hazikutoka. Mkataba wake ni kurasa mbili. Kujalidi ndio kazi, Ijumaa baada ya lanchi kompyuta ni yake ajaribu anachotaka, na nikimpa kazi nje ya hapo tunaelewana bei kwanza. Wenzangu wananicheka ati namdekeza, sawa tu.

Yule kijana naye ana kibanda chake Kirinyaga Road siku hizi. Heidelberg ikivuta karatasi mbili ndio namwita, ananilipisha sawa na yule wa Industrial Area, na nauli juu. Nalipa.

Mchapishaji,
River Road, Nairobi