Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wachangia Damu, Tanga

Ndugu wanachama, wazee wetu na wageni waalikwa: Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na shikamooni wote mnaostahili kuamkiwa.

Mhazini atasoma hesabu baada yangu, na katibu ameshabandika ukutani orodha ya waliochangia, kwa hiyo hayo sitayagusa. Ninataka kutumia muda wangu kwa jambo moja ambalo naomba mkutano huu uondoke umelitolea uamuzi. Kalenda yetu ya kuchangia damu haiendi na kalenda ya ugonjwa katika mkoa huu. Tunajitokeza kwa wingi inapotufaa sisi, na mgonjwa hapangi siku ya kuishiwa damu.

Wote mnajua kwamba wachangiaji wakubwa wa hiari nchini ni wanafunzi wa sekondari na vyuo. Timu ya damu salama ikiingia shule moja asubuhi, jioni inarudi na makasha yamejaa. Juni shule zinafungwa, na Desemba vilevile, na chanzo hicho kinakauka kwa wiki kadhaa. Sasa iwekeni Juni hiyo kando ya mvua zetu. Masika yanaanza Machi na kwenda mpaka Mei, mbu wanazaliana, na malaria inapanda masika yanapoishia. Mtoto mdogo akipata malaria kali, vimelea vinapasua chembe nyekundu kwa kasi, na ndani ya siku chache damu yake imeshuka kiasi cha kuhema kama aliyekimbia. Wodi ya watoto inaomba damu zaidi katika wiki zilezile ambazo wanafunzi wako nyumbani kwao.

Wapo wanaosema basi tukusanye nyingi mapema. Damu haiwekwi ghalani kama mahindi. Chembe nyekundu zinatunzwa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6, na zinadumu siku 35, au 42 kutegemea aina ya mfuko. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinadumu siku 5 tu. Mfuko uliokusanywa mwanzoni mwa Aprili haufiki mwisho wa Juni hata ukitunzwa namna gani. Kinachotakiwa ni watu wazima wenye afya, walioko hapahapa mjini Juni na Desemba, ambao hawafungi shule. Ndio sisi.

Tusisahau pia ukubwa wa eneo linaloitegemea Bombo. Ni hospitali ya rufaa ya mkoa mzima wenye halmashauri 11, kuanzia Jiji hili mpaka Kilindi na milima ya Lushoto. Mgonjwa anaanzia zahanati, anapanda kituo cha afya, halafu hospitali ya wilaya, ndipo anafika Bombo, na mara nyingi anayefika mwisho wa ngazi hiyo ameshachoka. Siku hizi vituo vya afya vingi vinafanya upasuaji wa kujifungua, jambo jema sana, lakini chumba cha upasuaji bila jokofu lenye damu ni nusu ya huduma.

Mwaka huu Ramadhani iliangukia Machi, na wengi wetu tulikuwa tumefunga. Aliyefunga hashauriwi kutoa damu mchana, kwa sababu mwili unahitaji maji kabla na baada. Vijana wa Ngamiani wakaja na wazo la kukutana baada ya tarawehe, mtu akiwa ameshafuturu na kunywa uji wake. Wahudumu walikubali kukaa usiku, na akina mama wa mtaa wakaandaa tende na juisi ya ukwaju. Ninawashukuru wote kwa moyo wangu wote. Utaratibu ule uendelee kila Ramadhani, na mitaa mingine iuige.

Usiku ule ndipo nilipoona jambo ninalotaka tulifanyie kazi kwa bidii mwaka ujao. Kabla hujalala kwenye kitanda unachomwa kidole, tone la damu linadondoshwa kwenye chupa ya maji ya bluu, yale ya mrututu. Tone likizama moja kwa moja, damu yako inatosha. Likielea au likisitasita katikati, huchangii siku hiyo. Nilikaa karibu na ile meza. Wanaume wengi tone lilizama. Wakaja dada zetu, wengine wamefunga safari kutoka Pongwe, wenye nia safi kabisa, na mmoja baada ya mwingine tone likabaki juu. Walirudi nyumbani wameinamisha vichwa kana kwamba wamefeli mtihani. Hawakufeli kitu. Walikuja kusaidia wengine, wakagundua kwamba wao wenyewe wanahitaji kusaidiwa, na kipimo hicho peke yake ni faida waliyoipata.

Mwanamke wa umri wa kuzaa anapoteza madini ya chuma kila mwezi, na ujauzito unachukua mengine mengi. Chakula cha kuyarudisha tunacho: dagaa, maini, nyama, maharage, kunde, mchicha, matembele, kisamvu. Tatizo linaanzia kwenye kikombe. Sisi watu wa Tanga tunapenda chai, na tunainywa pamoja na chakula au mara tu baada ya kula. Chai ya rangi, ya maziwa, hata kahawa, inazuia mwili kufyonza madini ya chuma, hasa yale yatokayo kwenye mboga na maharage. Subiri angalau saa moja. Badala yake kula chungwa, kwa sababu vitamini C inafanya kinyume chake, inayasaidia madini yale kuingia. Muheza wanatuletea machungwa kwa malori, na msimu ukikolea yanaoza sokoni. Chungwa moja baada ya wali maharage, na chai isogee hadi saa kumi. Naomba kila mama anayenisikia alijaribu hili kwa miezi mitatu kisha arudi kwenye ile chupa ya bluu. Ila asiyeona nafuu, au anayetoka damu nyingi ya hedhi, aende akapimwe. Minyoo na malaria navyo vinakula damu, na machungwa hayatibu minyoo.

Wajawazito nawatenga kwa sababu kwao hili ni suala la uhai. Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya mama zetu. Mama anayeingia leba damu yake ikiwa chini hana akiba ya kupoteza. Nchi imepiga hatua, na ni haki tuseme: utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulionyesha vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukaonyesha 104. Hao 104 bado ni mama za watu.

Kliniki ianze mapema, kabla ya wiki ya 12. Vidonge vya kuongeza damu vinywewe kila siku. Nimewasikia wengi wakisema wameviacha kwa sababu vinafanya choo kiwe cheusi. Choo cheusi ni madini ya chuma yaliyobaki, hakina madhara. Vikikuletea kichefuchefu, vinywe usiku baada ya kula, usivifiche chini ya godoro. Dawa ya SP ya kukinga malaria ianze ujauzito ukiingia miezi minne na irudiwe kila mwezi kama nesi atakavyoelekeza. Na chandarua cha kliniki kitandikwe kitandani. Nimeshakiona kikifunika vifaranga.

Uchungu ukianza na hakuna usafiri, au mama anatoka damu, piga 115. Ni namba ya bure ya mfumo wa M-Mama, unaomtafutia mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga gari la wagonjwa au dereva wa jamii wa kumfikisha kituoni. Namba hiyo ibandikwe mlangoni katika kila nyumba yenye mjamzito. Baba mkwe asisubiri mpaka asubuhi, na familia isianze kuchangishana nauli wakati damu inatoka.

Kwa watoto, fungua kiganja cha mwanao ukilinganishe na chako. Kikiwa kimepauka na ana homa, usimpe panadoli ukalala. Apimwe malaria siku hiyohiyo, na akipewa dawa mseto amalize dozi yote hata kama homa imeshuka siku ya pili.

Nazungumzia sasa fedha, maana malalamiko yamenifikia. Mwanachama mmoja alinieleza kwamba ndugu yake alipolazwa katika kituo kimoja, mtu alimwambia atoe hela ili damu ipatikane haraka. Damu haiuzwi. Tunaitoa bure, na mgonjwa hapaswi kuinunua kwa mtu yeyote kwenye korido. Ukidaiwa hela ya namna hiyo, omba risiti na umwone mganga mfawidhi au dawati la malalamiko, au piga TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, kwa 113, nayo ni bure. Mtu mmoja akiuza mfuko mmoja, wachangiaji wengi watasema hawarudi tena, na sitawalaumu. Kwa hiyo tusilinong'oneze jambo hili vijiweni tu, tulipeleke panapohusika likiwa na tarehe na mahali.

Lingine linalowaogopesha watu ni majibu. Kila mfuko unapimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Majibu ni siri yako na mhudumu. Sindano ni mpya na ikishatumika inatupwa. Wanachotoa ni mililita 450 kutoka kwenye mwili wenye lita kama tano. Na ule msemo kwamba ukianza kuchangia ni lazima uendelee, la sivyo damu itakuzidi, hauna ukweli wowote. Mwili unatengeneza kiasi unachohitaji na kuishia hapo. Mwenye miaka 18 hadi 65, uzito wa kilo 50 na kuendelea, na afya njema, anaweza: mwanaume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne.

Madereva wa bodaboda wameomba mafunzo ya huduma ya kwanza, na ninaunga mkono, kwa kuwa wao ndio wanaofika kwanza kwenye ajali. Kikubwa ni hiki: jeraha linalotoka damu likandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kukiondoa kuchungulia, kikilowa, weka kingine juu yake. Na kofia ngumu ifungwe kidevuni, ya abiria pia.

Familia zenye watoto wa selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, nazo zimeomba kuwa na kikao chao ndani ya chama. Watoto hao wanaweza kuhitaji damu mara kwa mara, na wazazi wao wamekuwa wakihangaika peke yao kutafuta ndugu wa kuchangia. Nafasi wanayo, tena ya mbele.

Kwa hiyo ninaleta mbele yenu maombi yafuatayo. Kwanza, kila mwanachama achague leo miezi yake, na angalau nusu yetu tuchague Juni au Desemba. Katibu ana daftari mlangoni. Andika jina, kundi la damu na mwezi. Anayechagua Juni ahesabu nyuma, asichangie tena baada ya mwanzo wa Machi kama ni mwanaume, au Februari kama ni mwanamke, ili siku ikifika awe anaruhusiwa. Wenye O hasi, kundi ambalo wakati wa dharura hupewa mgonjwa wa kundi lolote, waweke na namba ya simu inayopatikana usiku. Pili, kamati ya akina mama ipewe sehemu ya ada ya mwaka ujao kwa ajili ya somo la chakula na vidonge, ianzie Makorora na Pongwe. Tatu, tuombe ruhusa ya kukaa na uongozi wa hospitali kila mwanzo wa Mei, tuambiwe makundi gani ya damu yanapungua kabla shule hazijafungwa.

Daftari liko mlangoni tangu asubuhi, na ukurasa wa Juni bado una nafasi. Naomba kuwasilisha.